Ndala za Msalani

Jina langu ni Semeni na kazi yangu ni kunyamaza. Wazazi wangu hawakulijua hilo waliponipa jina, wala mimi sikulijua nilipovaa sare ya uuguzi miaka ishirini na mbili iliyopita. Zamani nesi kunyamaza lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa mikono. Tangu ije Sheria ya Bayana, nesi anayenyamaza anaweza kufungwa.

Jumanne hiyo asubuhi Bi Havijawa aliingia chumbani kwangu bila hodi. Ni muuza chapati wa Mtaa wa Mizani, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye sauti ya kuita wateja toka ng'ambo ya barabara. Akaweka kikapu mezani. Ndani mlikuwa na ndala za kijani za manispaa, zimesuguliwa kwa sabuni mpaka zinanukia.

"Shikamoo, Bi Havijawa."

"Marahaba. Nesi, hizi ndala zinaumwa nini?"

"Ndala?"

"Ndiyo. Maana zimenisemea maneno." Akanisukumia simu yake, kioo kimejaa unga. "Soma kwa sauti. Mimi nimesoma mara kumi, nadhani macho yangu yana kasoro."

Sikusoma kwa sauti, kwa sababu foleni nje ina masikio. Ilani ilisema kwamba Havijawa binti Kondo, wa nyumba namba kumi na tisa, ameonekana na kaswende. Nakala imekwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwa ofisi ya biashara. Kibali chake cha kuuza chakula kimesimamishwa mpaka Ijumaa, siku ya uthibitisho.

"Banda langu lina taa nyekundu inawaka tangu alfajiri," alisema. "Watu wanavuka barabara ili wasipite mbele yake. Kuna mmoja anakula kwangu mwaka wa tisa huu. Leo amenipungia mkono kwa mbali, kama mtu anayeaga maiti."

"Pole sana, mama."

"Mume wangu ana miaka saba kaburini. Tangu nimzike, mwanamume pekee aliyenigusa ni daktari wa meno, na yule naye aling'oa jino zima akaacha lililooza." Akavuta kikapu karibu naye. "Nesi, mimi sina shamba wala mtoto. Nina banda na nina jina. Vyote viwili vimekwenda asubuhi moja."

Nilimtoboa kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo, tukakaa dakika kumi tukikitazama. Hakikuonyesha kitu. Alikuwa mzima kabisa.

"Umeona basi! Waandikie!"

Ningependa. Lakini Sheria ya Bayana haiamini kipimo cha nesi. Waliotunga waliandika kwamba binadamu huhongeka, choo hakihongeki. Nesi anayetaka kupinga choo sharti awasilishe kumbukumbu yote ya siku choo kilipopima, kipengele kwa kipengele, na afisa aisome mwenyewe.

"Basi wasilisha," alisema Bi Havijawa. "Mkojo wangu hauna siri."

Akaenda kusubiri kwenye benchi, nami nikafungua kumbukumbu.

Niseme kidogo kuhusu vyoo hivi, maana wanaokuja baadaye wanaweza kudhani tulikuwa wendawazimu. Nia ilikuwa njema. Magonjwa ya zinaa yalikuwa yanatumaliza, na mtu mmoja akasema: tukiweka vihisio kwenye kila choo, na kila mwenye ugonjwa akajulikana, basi ugonjwa hautakuwa na pa kujificha. Ikabaki swali la choo kumtambua aliyeingia. Kamera zilikataliwa, masheikh na mapadri wa mji wetu wa Msolopa walisaini barua moja, jambo ambalo halijatokea tena. Simu huachwa chumbani. Ndipo wahandisi, ambao nina hakika kila mmoja wao ana choo chake ndani ya chumba chake, wakaja na ndala. Kila mtu mzima akapewa jozi bure, soli ina chembe ya kielektroniki yenye jina lake, na sakafu ya choo inaisoma.

Miaka mitatu ilikuwa imepita. Ugonjwa haukupungua. Waliopungua ni wagonjwa, hapa zahanati. Watu walijifunza kujisaidia vichakani. Kliniki ya wajawazito ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa kuwa majibu ya damu ya kwanza ya mjamzito hutumwa kwa mume kabla ya mwenye mimba kuteremka ngazi. Zamani Jumatano wanawake walikaa mpaka sakafuni. Sasa nilikuwa nafuta vumbi kwenye mabenchi.

Kumbukumbu ikafunguka. Siku ile ya kipimo, tarehe sita, Bi Havijawa alikuwa amekwenda msalani mara arobaini na moja.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaperuzi nyuma. Mfumo ulikuwa umemshauri apunguze sukari, aongeze damu, na mara tatu mwezi huo ulimsihi akapimwe tezi dume. Ilani zote hizo zilikuwa zimekaa kwenye simu yake bila kujibiwa, chini ya unga.

Kesi rahisi, nikajiambia. Kisha nikafika kwenye mstari wa kaswende, na chini yake pakawa na mstari mwingine ambao Sheria haiutangazi, lakini nesi anauona, na afisa pia akiletewa kumbukumbu: ujauzito, wiki ya ishirini na nne.

Kicheko kikaniisha. Kaswende kwa mjamzito si jambo la kusubiri. Humfuata mtoto tumboni, na wengi hawazaliwi hai, na wanaozaliwa huzaliwa wakiwa wameshaumia. Na dawa yake ni penisilini, sindano ya tangu enzi za mababu, ipo kabatini kwangu boksi zima.

Lakini afisa akiisoma kumbukumbu, atamtafuta mjamzito wa nyumba hiyo. Niliifunga bila kuituma. Bi Havijawa nilimwambia ninahitaji siku moja. Alinitazama kama alivyotazamwa yeye na wateja wake, akachukua kikapu chake akaondoka.

* * *

Kesho yake jioni nilikwenda nyumba namba kumi na tisa. Ni nyumba ya kupanga kama zote: vyumba sita vinatazamana, chumba cha mbele anakaa mwenye nyumba, Mjumbe Lipende, na uani kuna choo kimoja chenye mlango wa bati.

Mlangoni hapo palikuwa na jozi moja ya ndala za kijani. Moja tu.

Hapo nikaelewa kosa lote. Msalani mtu haingii na viatu vyake vya chumbani. Anaviacha kizingitini, anavaa ndala zilizopo, anatoka anaziacha. Sisi tumelelewa hivyo, na mtoto asiyefanya hivyo huchapwa. Ndala za msalani ni za nyumba. Wapangaji wengine walikuwa wametunza ndala zao za manispaa kwenye maboksi kwa ajili ya safari, au wamewapelekea ndugu shamba. Bi Havijawa, mtu wa usafi, alipoona zile kuukuu zimetoboka, akaweka zake.

Bati likalia. Akatoka mwanamke kijana ameshika ndoo, tumbo limetangulia. Akavua ndala, akazigeuza kwa kidole cha mguu ili zinielekee mimi ninayefuata, adabu ya mtu aliyefunzwa kwao.

"Shikamoo, sista. Karibu."

"Marahaba. Hongera, mama. Kliniki unahudhuria lakini?"

Alitazama ndoo. Jina lake Asnati, anashona sare za shule. Mumewe Makoye ni fundi wa reli ya umeme, anarudi kila baada ya wiki mbili.

"Nitakuja, sista. Ila nikija, majibu yatamkuta Makoye huko kazini kabla mimi sijafika nyumbani. Dada yangu ilimkuta hiyo. Mume alisoma ilani akiwa na wenzake, akamrudisha kwao na mimba ya miezi saba. Na ugonjwa wenyewe aliuleta huyo huyo mume." Akahamisha ndoo mkono wa pili. "Bora nisijue."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake na dawa yake iko kabatini kwangu. Lakini lau ningemwambia "ni wewe", hiyo kisheria ni kumtambua mgonjwa, na jina lake lingepaswa kuingia kwenye mfumo kabla ya jua kuzama. Nikinyamaza, mtoto anaumia. Nikisema, Makoye anasoma ilani mbele ya mafundi wenzake. Nikamwambia asibebe ndoo nzito. Hicho ndicho nilichoweza kumpa, na niliona haya.

Bi Havijawa alikuwa jikoni uani, anakanda unga ambao hakuwa na wa kumuuzia.

"Mikono haijui kwamba kibali kimefungwa," alisema. "Haya, nipe habari."

"Mama, naweza kukusafisha jina kesho. Ushahidi ninao. Lakini nikikutoa wewe, namwanika mwingine. Na huyo akianikwa, ataumia kuliko wewe."

Mikono ikasimama kwenye unga. "Yumo humu ndani?"

"Usiniulize."

Nilitegemea matusi na nilikuwa tayari kuyapokea. Badala yake akainuka, akaenda kuifunga khanga upya, akarudi.

"Basi usiniambie. Nikijua, nitamtazama, na mimi nikimtazama mtu, mtaa mzima unajua." Akaanza kukanda tena, kwa hasira. "Lakini nesi, mbona hii sheria inauliza kitu cha kijinga? Inauliza ndala ni za nani. Kwa nini haiulizi nani amezivaa?"

"Wamevaa wote."

"Ndiyo nasema hivyo."

Nikakumbuka. Kifungu cha kumi na nne. Kiliingizwa dakika za mwisho na diwani mmoja mkorofi, na siku zote nilikiona kama ua la plastiki mezani, cha kupendezesha tu. Kinasema matokeo yasipokuwa na mwenyewe huitwa yatima. Hakuna mtu atakayelazimishwa kupimwa ili kumsafisha au kumtia mwingine hatiani. Kumbukumbu hufutwa, na kwa siku tisini wote wa nyumba hiyo, na wenzi wao, hutibiwa bila jina na bila ilani kwa yeyote.

Ila kuna sharti. Kila mtu mzima aliyelala nyumbani siku ile ya kipimo akiri kwa mdomo wake, mbele ya afisa, kwamba alikitumia kitambulisho kile, yaani ndala zile. Akikataa mmoja tu, kifungu kinaanguka.

"Tulikuwa kumi na mmoja siku hiyo," alisema Bi Havijawa baada ya kunisikiliza. "Wapangaji niachie. Kwa siku mbili hizi nina chapati nyingi na sina mteja."

"Na Mjumbe Lipende?"

Hapo akageuka kutazama chumba cha mbele. Mjumbe Lipende alikuwa ndiye mpokeaji wa ilani za nyumba kumi, na kazi hiyo aliipenda. Alivaa makubadhi ya ngozi mpaka kitandani, walisema wapangaji.

* * *

Ijumaa, baada ya swala, afisa alikuja. Kijana mpole, Gervas, shati limepigwa pasi. Akakaa uani kwenye kiti alichopewa, ndala za kijani zikiwa mbele yake juu ya gazeti. Mimi nilikuwa na kumbukumbu mkobani. Niliapa moyoni kwamba sitaitoa, ingawa adhabu ya kuficha kumbukumbu naijua.

"Bi Havijawa, ndala hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Kuna mwingine aliyezitumia tarehe sita?"

Bi Havijawa akawageukia wapangaji. Mpangaji wa chumba cha pili, mwalimu, akasimama. "Nimevaa." Mkewe akasimama. "Nimevaa." Kinyozi wa chumba cha nne akasema amevaa, tena mara tano, alikuwa amekula maharage ya jana. Watu wakacheka kidogo. Wakaendelea mmoja mmoja. Asnati akasimama kwa shida, ameshika kiuno, akasema "Nimevaa" sawasawa na wenzake, bila kujua kwamba ni yeye waliyekuwa wanamzunguka. Hakuna aliyejua zaidi yangu. Nilitazama chini ili macho yangu yasiseme.

Kumi walikuwa wamekiri. Mjumbe Lipende alikaa kwenye kiti chake, makubadhi yamekaa sambamba.

"Na wewe, Mjumbe?" Gervas aliuliza. "Bila wewe kifungu hakisimami."

Mjumbe akajikohoza. Nilijua anachofikiri: mtu anayepokea aibu za nyumba kumi anaingizwaje kwenye aibu ya mmoja? Chapati jikoni ikaanza kuungua.

"Afisa," alisema mwishowe. "Hivi vyoo vinapima na tezi dume?"

"Vinapima, mzee."

"Ikionekana ina shida, ilani inakwenda kwa nani?"

"Kwa mwenye ndala."

Mjumbe akageuka polepole kumtazama Bi Havijawa. "Kumbe za kwangu zilikuja kwako."

"Mara tatu, Mjumbe," alisema Bi Havijawa. "Nikadhani mfumo umelewa."

Uani palilipuka kwa kicheko. Kinyozi alicheka akakaa chini. Mjumbe Lipende hakucheka, alifuta uso kwa leso, na nilipomtazama niliona mzee aliyekuwa anaamka mara nne kila usiku kwa miezi mingi, akiogopa, akisubiri choo kimwambie kitu.

"Nimevaa," alisema. "Kila siku navaa. Makubadhi ya ngozi hayapendi maji. Andika."

Gervas akaandika. Akasoma kwa sauti kwamba matokeo ya tarehe sita, nyumba namba kumi na tisa, ni yatima, na kumbukumbu inafutwa. Akabonyeza simu yake. Toka barabarani tukasikia mtu anapiga kelele kwamba taa ya banda imezimika. Bi Havijawa akajifunika uso kwa khanga akalia mbele ya wote.

Nilimsindikiza afisa hadi nje. Akasimama, akatazama huku na huku.

"Sista. Nyumba ikiwa na jozi moja tu ya ndala mlangoni, na wote wakakiri, unapokea hata za mitaa mingine?"

"Nyumba ipi hiyo?"

"Nauliza tu," alisema. "Na sisi tumepanga."

* * *

Jumatatu walikuja wote kwa pamoja, kama watu wanaokwenda kwenye harusi. Sikuandika majina. Niligawa vipande vya karatasi vyenye namba. Mjumbe Lipende alichukua namba moja, akapewa rufaa ya kumwona daktari wa tezi dume, akatoka anatembea wima.

Asnati alikuwa namba sita. Nilimpima, tukasubiri dakika kumi zile. Mstari ulipotokea nilimshika mkono na kumweleza yote, taratibu.

"Mtoto?" Hilo tu ndilo alilouliza.

"Tumemuwahi. Sindano tatu, moja kila wiki, na leo unaanza. Jina lako haliendi popote."

Alilia kwa furaha na kwa hofu, hata sikujua ipi imeanza. Baada ya sindano akafuta machozi. "Sista, Makoye amerudi Jumamosi. Yuko nje hapo, amekuja kwa sababu nyumba nzima imekuja. Nakuomba asijue."

"Mimi sisemi. Lakini na yeye akiwa nao asipotibiwa, mtakuwa mnarudishiana. Ukiwa tayari, mwambie mwenyewe."

Makoye alikuwa namba kumi na mbili, wa mwisho, mwanamume mrefu mwenye mikono ya grisi. Alipoona mstari kwenye kipimo chake hakushangaa. Alipumua tu.

"Nilihisi, sista. Nilipata kidonda kabla sijaoa, kikapona chenyewe, nikajidanganya. Tangu sheria hii ije nimekuwa nikienda msalani pekupeku." Akatazama miguu yake. "Miaka mitatu, sista, mtu mzima kama mimi naviziana na choo. Kuja hapa sikuthubutu, jina lingetangulia kufika nyumbani."

Nikamchoma sindano. Alipokuwa anafunga mkanda akasema kwa sauti ya chini, "Nakuomba Asnati asijue. Ana mimba, nitamuua kwa mawazo."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya hata kimoja. "Mimi sisemi," nikamwambia. "Mwambie mwenyewe."

Alitoka. Wenzao walikuwa wameshatangulia, na benchi lililo chini ya dirisha langu lilikuwa na Asnati peke yake. Akakaa pembeni yake. Kwenye lango niliona kundi jingine linaingia, watu kama tisa hivi ambao sikuwafahamu, na mmoja wao amebeba ndala za kijani kwenye beseni. Nyuma kabisa alikuwepo Gervas, bila shati la kazi.

Kisha, chini ya dirisha, nikamsikia Makoye.

"Mama, kuna kitu nataka kukuambia."

"Hata mimi," alisema Asnati. "Anza wewe."

Dirisha lile lina kutu na halijafungwa tangu masika. Nililisukuma kwa bega mpaka likafungika, nikaenda kupokea waliofuata.